Njegere za Kwanza za Monticello

Ewe kijana usomaye kurasa hizi, yamkini umewahi kupewa jembe asubuhi ya Jumamosi na kuambiwa uende ukalime kitalu cha mboga nyuma ya nyumba. Ikiwa ni hivyo, wayajua mambo mawili ambayo vitabu vingi vya historia huyasahau. La kwanza, mboga haioti kwa kuwa imeandikwa katika orodha. Huota kwa kuwa mtu fulani aliinama. La pili, mboga ikishapikwa na kuandaliwa, ni nadra sana mtu aliyeketi mezani kuuliza aliyeinama alikuwa nani. Leo nataka nikupeleke katika bustani moja ya nyumbani iliyo mbali na kwetu, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Nataka tufike huko mwishoni mwa Februari, baridi inapoanza kulegea. Mwenye bustani hiyo alikuwa mtu wa sifa kubwa duniani, tena alikuwa na tabia ya kuandika karibu kila kitu. Tutayasoma aliyoyaandika, kisha tutatafuta yale ambayo hakuyaandika.

Yatupasa kwanza tuyaelewe majira ya huko, kwani sisi tuliozoea masika na vuli huuhesabu mwaka kwa mvua, ilhali wao huuhesabu kwa joto. Virginia mvua hunyesha karibu kila mwezi, wala si kitu cha kungojewa kwa hamu. Kingojewacho ni jua. Tangu Desemba hata Februari miti mingi husimama mitupu pasipo jani, udongo wa juu huganda usiku ukawa mgumu kama sakafu, na katika zama zile mtu ambaye hakuweka akiba ya viazi, kabichi na maharagwe makavu hakuwa na cha kutia chunguni ila mahindi na nyama ya chumvi. Halafu, Februari ikielekea Machi, huja wakati wa udanganyifu. Siku mbili tatu jua huwa tamu, ndege hulia, na mkulima hudhani kwamba baridi imeaga. Usiku wa nne jalidi huanguka. Jalidi ni umande ulioganda, na ikiwa kwenu ni Kinangop au Limuru huna haja ya kuelezwa zaidi, maana huenda umepata kuyaona majani ya viazi yaliyolala mabichi jioni yakiamka meusi asubuhi kama yaliyopitiwa na moto.

Kwa hiyo mwanzo wa majira ya machipuko ni kama kucheza bao na mtu mjanja. Apandaye mapema mno hupoteza mbegu. Achelewaye hula mboga baada ya jirani zake. Lakini uko mmea mmoja ambao huvumilia ubaridi kuliko wenzake wengi, nao ni njegere, ambazo baadhi yetu huziita minji. Ndiyo maana njegere zilikuwa miongoni mwa mbegu za kwanza kutiwa ardhini, na sahani ya njegere mbichi ilikuwa kama barua iliyotumwa na jua kusema kwamba liko njiani. Wewe ulaye mboga mbichi mwaka mzima huenda usiione fahari ya sahani hiyo. Jaribu kujitia mahali pa mtu aliyekula vyakula vikavu kwa miezi mitatu.

Bwana huyo alikuwa Thomas Jefferson, aliyezaliwa mwaka 1743 mahali paitwapo Shadwell. Yeye ndiye aliyeandika rasimu ya Azimio la Uhuru la Marekani mwaka 1776, azimio lililotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, na ndiye aliyekuwa rais wa tatu wa nchi hiyo kutoka mwaka 1801 hadi 1809. Karibu na Shadwell alijenga nyumba juu ya kilima, akakiita Monticello, neno la Kiitalia ambalo maana yake ni kilima kidogo. Lakini kabla ya azimio, kabla ya urais, na kabla ya nyumba hiyo, alianzisha daftari. Tarehe 30 Machi 1766, akiwa kijana ambaye hajatimiza miaka 23, aliandika humo kwamba ua la hiasinti la rangi ya zambarau limeanza kuchanua. Daftari hilo, liitwalo siku hizi Kitabu cha Bustani, aliendelea kuliandika hadi mwaka 1824, akiwa mzee wa miaka 81.

Mtu huyo alipenda kuhesabu kupita kiasi. Tarehe 20 Februari 1767 aliandika kwamba njegere za mapema zimepandwa katika tuta moja, na za kati katika tuta jingine. Na hakuridhika kuzipanda tu, bali alizipima na kuzihesabu, akaandika kwamba njegere zipatazo 2,500 hujaza painti moja, kipimo kinachokaribia nusu lita. Sijui wewe waonaje, lakini mimi humwonea wivu kidogo mtu mwenye nafasi ya kuhesabu njegere 2,500. Alipokuwa rais, huku mambo ya dola yakimlemea, alitengeneza jedwali la mboga zilizouzwa katika soko la mji wa Washington kwa miaka minane yote ya utawala wake, aina 37, akionyesha siku ya mapema kabisa ambayo kila moja ilionekana sokoni, na siku yake ya mwisho. Katika kalenda yake ya ukulima wa mboga alishauri kwamba kila Jumatatu asubuhi, tangu mwanzo wa Februari hata mwanzo wa Septemba, zipandwe mbegu za saladi za kujaza kastabini, yaani kile kikofia cha kidole avaacho mshonaji. Na mwaka 1819 alimweleza daktari mmoja kwa barua kwamba nyama hula kidogo tu, kama kitoweo cha kukolezea mboga, ambazo ndizo chakula chake hasa.

Wala usidhani kwamba aliandika mafanikio peke yake. Jambo linalonifanya niliamini daftari lake ni wingi wa hasara zilizomo. Tarehe 4 Mei 1774 aliandika kwamba milima ya Blue Ridge imefunikwa na theluji, na kesho yake kwamba jalidi imeharibu karibu kila kitu. Mwaka 1809, aliporudi nyumbani kutoka urais mwezi wa Machi, alichora jedwali kubwa la bustani lenye safu za kila namna: nini kimepandwa, wapi, lini, lini kilihamishwa kitaluni, lini kilifika mezani, lini kilikwisha; na katika safu hizo neno la kushindwa limeandikwa mara nyingi. Huyu ni shahidi mwaminifu katika mambo aliyoyaangalia. Kalishike neno hilo, «aliyoyaangalia», kwa maana tutalirudia.

Iko hadithi iliyosimuliwa katika jamaa yake, nayo ni tamu. Mabwana wa jirani walikuwa na mashindano kila mwaka: ambaye njegere zake zitatangulia kukomaa atawaalika wenzake karamuni, nao watakula naye sahani ya kwanza ya njegere. Mara nyingi mshindi alikuwa George Divers, aliyekaa mahali paitwapo Farmington. Mwaka mmoja, ikasemwa, Jefferson alitangulia. Watu wa nyumbani kwake wakamhimiza apeleke mialiko. Akakataa, akawaambia wanyamaze, kwani rafiki yake angefurahi zaidi kuubakisha ushindi mkononi mwake. Huo ni ungwana, na siuondolei heshima yake.

Sasa irudie hadithi hiyo polepole. Mabwana walishindana. Bwana alitangulia. Bwana alinyamaza. Je, katika mashindano hayo ni nani aliyeupasua udongo wa Februari uliokuwa ungali baridi kama chuma? Ni nani aliyefunika miche usiku wa jalidi, aliyechoma vijiti vya kupandia njegere, aliyezichuma alfajiri na kuzimenya?

Jawabu liko mlangoni pa bustani yenyewe. Kati ya nyumba ya Jefferson na bustani ya mboga palikuwa na njia iliyopandwa miforosadi, iitwayo Mulberry Row, na kandokando yake vilisimama vibanda vya watumwa na karakana zao. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600. Kwa wakati mmoja pale Monticello walikuwapo watu wapatao 130. Ni watu wenye asili ya Afrika, waliosafirishwa wenyewe au ambao wazazi au mababu wao walisafirishwa kuvuka Atlantiki. Mwandishi wa maneno yale ya usawa aliamka kila asubuhi akapita mbele ya milango yao ili akaziangalie mboga zake.

Bustani ambayo watu huizuru leo ilianza kuchongwa mwaka 1806. Kilima kile kina mteremko mkali, na udongo wake ni mwekundu na mzito, unaoshabihiana na ule uujuao ikiwa umepata kutembea Murang'a baada ya mvua. Jefferson alitaka uwanda ulio sawa ubavuni mwa mteremko unaotazama kusini-mashariki, ili jua la asubuhi liupige mapema na hewa baridi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya joto, itiririke kwenda bondeni badala ya kutuama juu ya miche. Hiyo ni elimu nzuri ya ukulima, nawe waweza kuijaribu katika shule yako ikiwa iko kilimani. Ulipokwisha, uwanda huo ulikuwa na urefu wa futi 1,000 na upana wa futi 80, kama ngazi moja kubwa iliyochongwa mlimani, ukishikiliwa na ukuta wa mawe ambao mahali palipo juu zaidi ulizidi futi 12. Ukagawanywa vitalu 24, kwa kufuata sehemu ya mmea iliwayo: mizizi mahali pake, majani mahali pake, matunda mahali pake. Kuuzunguka ukajengwa ua wa mbao wenye urefu wa futi 10, mbao zikiwa zimesongamana hata kitoto cha sungura kisipate mwanya. Tangu ujana wake hadi uzee Jefferson alijaribu aina zipatazo 330 za mboga na viungo. Njegere peke yake zilikuwa za aina zaidi ya 15.

Mlima huo haukuchongwa na mwandishi wa daftari. Ulichongwa na kundi la watumwa waliokodiwa kutoka kwa mmiliki mwingine. Ufahamu vizuri maana ya neno hilo «kukodiwa»: mtumwa aliyekodiwa alifanya kazi mwaka mzima kwa mtu asiye bwana wake, na ujira wa kazi ile ukapelekwa kwa bwana wake. Yeye alibaki na malengelenge ya mikono.

Na Jefferson mwenyewe je, hakulima? Alilima. Shahidi wetu ni Isaac Granger, aliyezaliwa mtumwa pale pale Monticello, ambaye kumbukumbu zake ziliandikwa mwaka 1847 akiwa mzee. Alisema kwamba kwa kujifurahisha bwana wake pengine alifanya kazi bustanini, tena kwa bidii ya kweli, kwa muda wa nusu saa, katika baridi ya jioni. Nusu saa! Sipendi kumcheka marehemu, lakini niliposoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mwalimu wetu mmoja aliyekuja shambani mwa shule saa kumi na moja jioni, akapiga jembe mara sita, akasema kazi imekwenda vizuri. Isaac hakumsengenya Jefferson. Alisema tu alichokiona, nasi twaweza kuitoa nusu saa hiyo katika saa za mchana wenyewe tukajua kilichobaki kilikuwa cha nani.

Waliokuwa na saa zilizobaki twayajua majina yao machache. Miaka ya 1790 alikuwapo Goliah, mzee ambaye aliwekwa bustanini pamoja na wazee wengine, wale ambao nguvu zao zilikuwa zimekwisha katika mashamba ya tumbaku na ngano. Baadaye mkuu wa watunza bustani akawa Wormley Hughes. Huyo alizaliwa mwaka 1781, mjukuu wa mwanamke mmoja mtumwa aliyeitwa Elizabeth Hemings, ambaye uzao wake ulijaa katika kazi zote za nyumba ile. Alipokuwa mvulana wa umri wako alitiwa katika karakana ya Mulberry Row kufua misumari. Baadaye akashika bustani. Jefferson alipokuwa Washington alituma miche na mbegu kilimani pamoja na barua za maagizo kwa msimamizi wake, na katika barua hizo Wormley hutajwa kwa jina, kwa kuwa ndiye wa kuipanda. Bwana aliijua bustani kwa karatasi. Wormley aliijua kwa goti.

Hata hapa nisingekuwa na jambo jipya la kukuambia, maana kwamba watumwa walifanya kazi na mabwana wakapata sifa ni habari uliyokwisha kuisikia, na sisi wa pwani hii, ambako mashamba ya karafuu na minazi yalilimwa vivyo hivyo, hatuwezi kujifanya wageni wa habari hiyo. Lakini iko bustani ya pili pale Monticello, nayo haionekani katika daftari la bwana. Ni vishamba vidogo walivyolima watumwa wenyewe karibu na vibanda vyao, kwa ajili yao wenyewe. Walivilima lini? Mchana haukuwa wao. Walivilima usiku baada ya kazi, na Jumapili. Ikiwa wakulima wote wa Virginia walicheza bao na jalidi, hawa walicheza gizani.

Twajuaje? Twajua kwa sababu ya msichana mmoja wa umri wa wanafunzi wa sekondari. Anne Cary Randolph, mjukuu wa Jefferson, alizaliwa mwaka 1791, na kati ya mwaka 1805 na 1808 alipewa kazi ya kuandika hesabu za vitu vilivyonunuliwa kwa ajili ya jikoni la nyumba kubwa. Wauzaji walikuwa watumwa wa nyumba ile ile. Zaidi ya watu 40 wametajwa katika hesabu zake, na bidhaa zao ni mayai, kuku, kabichi, matango, matikiti na nyinginezo, matunda na mboga za aina 22 kwa jumla. Baadhi ya vitu viliuzwa nje ya majira yake: viazi Desemba na Februari, tufaha wakati ambapo miti haina kitu. Maana yake ni kwamba katika vile vibanda walikuwapo watu waliojua kuhifadhi mazao chini ya ardhi na kuyatoa pale njaa ya baridi ilipomfikia hata bwana. Mmoja wa wauzaji aliitwa Squire. Mwingine aliitwa Bagwell, ndugu yake Isaac yule wa nusu saa, ambaye wakati mmoja aliuza ratili 60 za hopsi, maua yatumiwayo kutengenezea pombe, kwa dola 20.

Zitazame tarehe za hesabu hizo tena: 1805 hadi 1808. Hiyo ndiyo miaka ambayo ule uwanda mkubwa wa futi 1,000 ulikuwa ukichongwa, bado ni tope na mawe, na mwenye daftari yuko Washington akiandika jedwali la soko. Huenda, basi, katika miaka hiyo sehemu ya mboga za meza ile iliyosifiwa zilitoka katika vishamba vya usiku.

Kwa sheria ya Virginia mtumwa hakuwa na mali. Yeye mwenyewe alikuwa mali. Kwa hiyo soma kwa makini jambo hili. Mwaka 1798 mkwewe Jefferson, aliyekuwa akisimamia mashamba yake, aliwakataza watumwa kulima tumbaku yao binafsi. Jefferson alimwandikia kumshukuru. Alisema kwamba siku zote ameona ni lazima awawekee mpaka, walime tu vitu ambavyo shamba lake halilimi, kwa kuwa pasipo hivyo hakuna njia ya kutenga kilicho chao na kilicho chake. Waona alilolikiri bila kukusudia? Mtu aliyejua sheria, tena mwanasheria kwa kazi, aliandika kwamba kipo kitu kilicho chao. Kuku yule, kabichi ile, hopsi zile. Hakuna bunge lililowapa haki hiyo. Waliilima usiku mpaka hata bwana wao akalazimika kuichorea mpaka.

Nayo mimea yenyewe ilikuwa na habari zake. Pamoja na njegere za Ulaya, Jefferson alipanda kunde mwaka 1774 na bamia mwaka 1809. Mwaka 1808 alivutiwa sana na ufuta kwa sababu ya mafuta yake, akaeleza katika barua kwamba mbegu hiyo ililetwa South Carolina kutoka Afrika na watu weusi, na kwamba wao peke yao ndio waliokuwa wakiilima katika sehemu zile. Kunde, bamia, ufuta: hivi ni vyakula ambavyo huna haja ya kufungua kamusi kuvijua, na vikapu vyake vimo sokoni Mombasa leo asubuhi. Havikai katika bustani ya mwanzo wa machipuko, kwani hupenda joto na jalidi moja tu huviua. Vilingoja mpaka njegere zilipokuwa zimekwisha kuliwa. Lakini vilipopandwa, mwenye kuvijua alikuwa yule asiyeulizwa.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826. Aliyelichimba kaburi lake alikuwa Wormley Hughes, yule yule aliyeuchimba udongo ule kwa ajili ya njegere zake. Katika wosia wake Jefferson aliwaacha huru wanaume watano, Wormley hakuwamo. Jamaa wa marehemu walimruhusu aende zake, pasipo kuandikiwa huru katika wosia. Madeni yaliyoachwa yalizidi dola 100,000, na kwa ajili ya madeni hayo mnada ulitangazwa wa vitu vya nyumba, wanyama, na watu 130. Ulifanyika pale pale kilimani mwezi wa Januari 1827, katika baridi kali. Wormley, mtu aliyeruhusiwa kwenda, alisimama akamwona mkewe Ursula na watoto wao wakiuzwa. Baadaye mjukuu wa Jefferson alimnunua Ursula na watoto wao wadogo, hata jamaa ile ikapata kukaa pamoja katika shamba lake la Edgehill. Wengine wengi hawakupata bahati hiyo. Februari ilipofika, wakati wa kutia njegere ardhini, waliokuwa wakizitia walikwisha kutawanyika katika mashamba ya watu wengine.

Uwanda ule ukaota majani. Miaka mingi baadaye mwandishi mmoja, Henry Randall, aliyekuwa akikusanya habari za maisha ya Jefferson, alimwendea Wormley akamwuliza juu ya bwana wake wa zamani, na mengi aliyoyasikia akayatia katika kitabu chake. Wormley alifariki mwaka 1858. Mwaka 1979 wataalamu wa mambo ya kale walianza kuifukua bustani. Wakaukuta msingi wa ule ukuta wa mawe, na katika udongo mwekundu wakakuta madoa meusi mahali nguzo za ua zilipoozea, kila doa katika mstari wake. Kwa kufuata madoa hayo na daftari la bwana, bustani ilijengwa upya, na kila mwaka baridi inapolegea njegere hupandwa tena pale pale.

Vile vishamba vya usiku havikuwa na ukuta wa mawe wala ua wa futi 10. Kwa kuvitafuta yatupasa tulifungue daftari la yule msichana, lenye mistari mifupi isiyo na pambo lolote: jina, idadi ya mayai, kichwa cha kabichi, bei.